Fomu Isiyohesabu Wageni

Ndugu Afisa Nishati wa Wilaya,

Natumaini u mzima, na ofisini kwako kuna mwanga. Mimi ni Sodnompil, mchungaji wa bonde la kaskazini. Kiangazi kilichopita ulimtuma fundi wako Tumen atupimie umeme wa jua. Kijana mstaarabu. Alikunywa chai, akauliza tuna nini: taa mbili, simu mbili, televisheni ya saa tatu kwa siku. Akazidisha, akajumlisha, akapata wati-saa mia mbili na ishirini. "Mzee, paneli moja itawatosha na kubaki," akasema. Siwezi kubishana na hesabu. Nina malalamiko machache tu.

1. Fomu yake iliuliza wanaolala hemani ni wangapi. Tukajibu kweli: wawili, mimi na mke wangu Yanjmaa. Haikuuliza wanaokuja. Siku ya tatu baada ya paneli kufungwa nilihesabu simu kumi na moja zimelala kwenye zulia langu zikinyonya kama wana-kondoo.

2. Mieleka ya Naadam, sikukuu yetu ya kiangazi, ina wanamieleka mia tano na kumi na wawili. Hao hawamalizi kupigana kwa saa tatu. Jirani yangu Gelegjamts alikuja na ukoo mzima, akakalia upande wa heshima. Picha ilipozimika fainali ikianza, akanitazama kwa huruma: "Sodnom, jua lako ni vivu." Langu! Yeye anaota lipi?

3. Fomu inasema jua huwaka kwa muda wa saa tano kila siku. Mwezi wa nne vumbi halikuisoma fomu. Lilifunika paneli siku mbili, na chaji iliyobaki ikaishia kwenye simu za wageni. Onyo la dhoruba lilitumwa kwenye simu yangu iliyokufa. Kondoo wangu mia walikwenda na upepo. Jioni ya pili Yanjmaa akasema tu, "Ungewaambia wageni hapana, mara moja tu." Tulipata tisini na wanne. Aliyewapata ni Gelegjamts na farasi wake, jambo lililoniudhi zaidi, maana ilibidi nimshukuru.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu: fomu iongezwe safu ya wageni. Ikishindikana, kila hema ninaloliona kutoka mlangoni lipewe paneli yake, tuanze na la Gelegjamts. Ikishindikana hiyo pia, nitangazwe kituo cha serikali cha kuchajia, nipewe kofia na muhuri.

Wasalimie wote ofisini, na mama mpika chai, na fundi Tumen na kikokotoo chake.

Wako mtiifu, aliye gizani,
Sodnompil

N.B. Barua ilikuwa bado haijapata mpanda farasi wa kuipeleka, Gelegjamts akaletewa paneli na mkwewe. Wote sasa wanakwenda huko. Betri yangu imejaa tangu Jumanne. Yanjmaa amepika birika kubwa, chai imepoa, tunatazamana. Tafadhali futa maombi yote. Ila ukiweza, mtume Tumen akaikague ile paneli ya jirani. Nina hakika ina kasoro, na watu wasije wakapata hasara. Simu zao wazilete tu hapa.