Ukurasa Ulioingia Mafuta

Jumatatu, 6 Juni 1994

Upepo. Vumbi jepesi. Mabua ya alizeti yamesimama shambani bila vichwa, nikayatazama kutoka mlangoni mpaka chai ikapoa. Mama akauliza kama naumwa. Nikamjibu kwamba nafikiri. Akasema basi nifikiri huku napeleka mbuzi.

Nimeamua kuwa mtu mwenye maoni.

Sababu ni Luciana, fundi cherehani anayeshonea kwenye veranda ya Mzee Simeoni, pale kwenye mashine ya kukamua alizeti. Juzi alisema hawezi kuolewa na mwanamume asiye na maoni yake mwenyewe. Alisema huku anatazama gurudumu la cherehani. Tulikuwa wawili tu pale, mimi na yeye, kwa hiyo sijui alikuwa anamsema nani. Nadhani ni Leonidas, kondakta wa basi la Singida.

Jambo lenyewe ni la haraka. Shangazi yake amempatia chumba cha kushonea Utemini, Singida mjini, na anataka jibu kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo. Luciana akienda harudi. Nani arudi hapa Iguguno akishazoea umeme? Natakiwa kupata maoni upesi, na sina hata moja.

Mahali pa maoni ni palepale mashineni. Siku hizi kila mtu analima alizeti, na mashine ni moja. Ikipata moto, mkanda unaanza kunuka, Mzee Simeoni anaizima ipoe. Hapo wanaosubiri huanza kujadili vitabu vya katuni. Vinaletwa na Leonidas, anayejua kila kitu na kuvaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Utaratibu unajulikana. Kitabu kinafuata foleni ya magunia. Gunia lako likifika mbele unashika kitabu, unatoa maoni, unampa wa nyuma yako. Asiye na gunia husikiliza tu.

Sisi tulishakamua zetu. Lakini maganda yapo tele nyuma ya nyumba.

Jumanne, 7 Juni

Nimejaza gunia maganda, juu nikatandaza alizeti safi. Nikalipanga kwenye foleni. Hakuna aliyeshtuka. Nikajiona mwerevu kuliko wilaya nzima.

Kitabu ni Dereva wa Mawingu, toleo la tatu. Mke wa dereva amepotelea kwenye ukungu, basi mumewe anaendesha lori juu ya mawingu akimtafuta. Mama Elina, mjane ambaye hajui kusoma lakini hutazama picha kuliko sisi tunaosoma, alisema tangu toleo la kwanza hajamwona yule kijana akila, na mwenye njaa hawezi kumpata mke. Mzee Simeoni alisema yeye kinachomsumbua ni dizeli. Huko juu anajaza wapi? Leonidas alivua miwani akasema kitabu kinahusu soko huria. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima.

Zamu yangu. Maoni nilikuwa nayo tayari, niliyachukua redioni asubuhi kwenye kipindi cha wakulima na kuyakariri njia nzima. Nikasema kitabu ni kizuri, ila kinahitaji nafasi ya kutosha kati ya mstari na mstari, na palizi ya mapema.

Luciana akasimamisha cherehani, akaniuliza taratibu kwamba mimi mwenyewe, Chediel, nimekionaje. Nikamwambia hayo ndiyo maoni. Akarudi kwenye kushona.

Kisha gunia langu likamiminwa. Mashine ikakohoa, ikatoa moshi, ikanyamaza. Mzee Simeoni alichota maganda kwenye kiganja, akayapuliza, yakaruka yote. Adhabu: kusafisha mashine mpaka wiki ijayo iishe. Nikampa shikamoo ya unyenyekevu mkubwa. Akaitika marahaba, kisha akasema nianzie chini.

Alhamisi, 9 Juni

Mikono imekuwa ya mafuta hadi kwenye viwiko. Nzi wananiheshimu.

Mchana palikuwa kimya. Mashine imezimwa, watu wameenda kula. Luciana alinipa kitabu, akasema nisome polepole ule ukurasa wa ukungu, halafu jioni nimwambie nilichokiona. Si cha redioni. Changu.

Nikakaa chini nikaegemea magunia. Jua la vuguvugu. Harufu ya mashudu, yale makapi ya alizeti iliyokamuliwa, ni tamu, inaingia puani mpaka kwenye magoti. Dereva yuko ndani ya lori, mikono kwenye usukani, kiti cha pembeni ni kitupu, mbele ni ukungu mweupe. Nikamtazama. Nikasikia lori linanguruma, kumbe ni mimi nakoroma. Nikaota napita na lori juu ya yale mawe makubwa ya huku kwetu, mawe yamelala kama ng'ombe wanaocheua, na kutoka juu nikaona paa la nyumbani, mbuzi wa mama, veranda, cherehani. Mtu akanipungia mkono kutoka verandani. Nikampungia pia, lakini lori halikuwa na breki.

Kumbe kule kupunga mkono ndiko kulikotupa kitabu kwenye karai la mafuta.

Nilipoamka kitabu kilikuwa kimeshatolewa, kimeanikwa juu ya jiwe, kimewekewa mkasi juu yake upepo usikipeperushe. Sijui mkasi ni wa nani. Mpini umefungwa uzi mwekundu. Hapakuwa na mtu ila Luciana akitia uzi kwenye sindano, naye hakuinua macho. Nikauweka mkasi mfukoni. Mtu mwerevu haachi ushahidi.

Jioni sikumwambia chochote. Nilijificha nyuma ya pipa.

Jumamosi, 11 Juni

Leo ningeumbuka. Nilirudisha kitabu kwenye foleni nikiwa nimekipaka vumbi, nikasimama karibu na njia ya kukimbilia.

Kitabu kilifika kwa Mama Elina. Akakiinua kwenye jua. Kisha akasema huyu mwanamke mbona yumo garini.

Tukasogea wote. Ni kweli. Karatasi ikiingia mafuta inakuwa kama kioo cha dirisha, picha ya nyuma inatokeza mbele. Upande wa pili wa ukurasa mke amechorwa akiwa kwao zamani, amekaa, mikono mapajani. Sasa alikuwa ametokeza ndani ya lori, kwenye kile kiti kitupu. Hafifu, rangi ya chai ya maziwa. Anamtazama mumewe. Mumewe anatazama ukungu.

Maoni yalimiminika. Mzee Simeoni alivua kofia, akasahau habari za dizeli. Mama Elina alisema hivi ndivyo ilivyo, waliotutoka hukaa pembeni yetu hapahapa. Leonidas alisema yeye aliligundua hilo tangu akiwa stendi ya Singida, alikuwa anatupima tu.

Luciana alikuja na sentimita yake ya kupimia nguo shingoni. Akakishika kitabu. Akasema kumbe muda wote yuko naye, na yeye anahangaika kumtafuta mawinguni. Akanitazama. Lakini mimi nilikuwa namtazama Leonidas nione kama ananishuku. Hakushuku. Nikahema.

Usiku nimelala vizuri.

Jumapili, 12 Juni

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa nimejaa wazo.

Ukurasa mmoja wenye mafuta umewafanya watu wazima wavue kofia. Matoleo matatu yenye mafuta yatafanya nini? Mimi nitakuwa ndiye mfunuaji. Nitasimama mbele ya mashine na kueleza siri zilizofichwa katikati ya karatasi. Hayo ndiyo maoni. Leonidas atabaki na miwani yake.

Baada ya ibada nilimkuta Luciana mlangoni. Aliniuliza kama nimeona mkasi wake popote. Nikaona nafasi imejileta yenyewe. Nikautoa mfukoni ule mkasi wa kuokota, nikampa kama zawadi. Nikamwambia najua mkasi wa zamani umempotea, basi atumie huu. Akautazama. Akaushika ule uzi mwekundu. Akasema asante Chediel, ni mkasi mzuri, unafanana kabisa na ule. Nikafurahi kwamba nimebahatisha aina anayoipenda.

Jioni nimeazima toleo la kwanza na la pili kwa Mama Elina. Mafuta yapo jikoni.

Jumanne, 14 Juni

Nilizidisha.

Nilipaka kwa brashi, kurasa zote, mbele na nyuma. Sasa kila kitu kinaonekana kwa pamoja. Dereva ana vichwa viwili, kimoja cha ndama. Mke ameota masharubu. Lori lina miguu ya mbuzi, na maneno yote yanasomeka kinyume na kawaida, mengine yakiingia ndani ya mengine.

Nikasimama mbele ya mashine nikafafanua. Nilisema ndama ni wasiwasi wa moyo. Masharubu nikasema ni subira ya mwanamke. Kwenye miguu ya mbuzi nilikwama kidogo, nikasema ni barabara zetu. Mzee Simeoni aliipenda hiyo, akasema kwa barabara ya kwetu lori la miguu ndilo linalofaa. Wengine walijikuna.

Mama Elina alitoa maoni mafupi. Alisema vitabu vyake vinanuka jikoni.

Luciana alibaki verandani. Alikuwa anakunja vitambaa na kuviweka ndani ya boksi. Nadhani anafanya usafi.

Jumatano, 15 Juni

Siku ya aibu.

Leonidas ameleta toleo la tatu jingine, jipya, halijaguswa. Akalifungua kwenye ukurasa wa ukungu na kulizungusha mbele ya kila mmoja. Dereva yupo. Kiti kitupu. Mke hayupo.

Mzee Simeoni akachukua kile cha zamani, akakinusa. Akasema ni alizeti, tena ni ya mashine yake. Wote wakanigeukia. Nilikuwa chini ya mashine, miguu tu nje, nikaona bora niivute nayo ndani. Leonidas akasema mtu huyu ametuchezea akili, tumelia kwa ajili ya doa. Hapo alisahau kwamba yeye aliligundua tangu stendi.

Nikatoka. Nikakiri. Nilisema nililala, nikaota, kikaanguka. Nikaomba radhi kwa Mama Elina hasa. Maana alikuwa ameinamisha uso, na akasema kwa sauti ndogo kwamba tangu Jumamosi ile amekuwa akiongea na marehemu mumewe jikoni, akimweleza habari za mavuno. Nilitamani ardhi inimeze. Kweli niliumia, hata hapa ninapoandika naona vibaya.

Mashine ilikuwa inapoa, inatoa mlio mdogo, ti, ti, ti. Mama Elina akavichukua vitabu vyote viwili, kimoja mkono huu, kingine mkono huu, akavilinganisha juani. Kisha akatoa maoni yake. Alisema hiki kipya kimekosewa. Waliokichapa walimsahau mama wa watu, wakauza hivyohivyo. Kile cha mafuta ndicho sahihi, na yeye anaendelea na mazungumzo yake.

Mzee Simeoni akakubali. Foleni nzima ikakubali. Kitabu kipya kikafungiwa mashudu.

Leonidas akavaa miwani.

Ijumaa, 17 Juni

Luciana ameniita verandani. Cherehani imefunikwa, imefungwa kamba. Akasogea kwenye benchi, akapangusa nafasi pembeni yake, akaniambia nikae. Nikakaa. Jua linazama nyuma ya mawe, vumbi la dhahabu hewani, mabua yanapigapiga kwa mbali. Tulikuwa peke yetu. Nilikuwa na mafuta masikioni.

Akasema siku ile ya karai yeye alikuwepo. Alisema anapenda mtu anayeota mpaka akapunga mkono. Kisha akasema basi la kwenda kwa shangazi ni kesho asubuhi, na hajajibu. Aende Utemini, au abaki hapa? Akasema anataka maoni yangu. Si ya redioni. Yangu.

Moyo ulinipiga mpaka benchi likatikisika. Ndilo swali nililolisubiri siku zote hizi. Na hilo ndilo tatizo, sikuwa nimejiandaa. Jambo zito namna hii huwezi kulijibu hivihivi kwa neno moja lililokujia kichwani. Neno lilikuja, ndiyo. Lilikuwa fupi mno. Baki. Nani atamheshimu mtu mwenye maoni ya neno moja?

Nikamwambia anipe mpaka Jumatatu.

Akanikumbusha kwamba basi ni kesho. Nikamwambia naelewa, ila maoni mazuri hayaharakishwi. Akatazama mbele kwenye vumbi. Akaniwekea mkasi kiganjani, ule wa uzi mwekundu, akasema nikae nao. Akaingia ndani.

Nimefurahi sana. Mtu hawezi kukuachia mkasi wake kama hana mpango wa kuufuata. Tena anayesubiri maoni hapandi basi.

Na bahati haiji peke yake: Leonidas ndiye kondakta wa basi hilo la kesho, kwa hiyo Jumatatu hatakuwepo kunikatiza. Nimekwisha kuzungumza na mama kuhusu maganda. Nitajaza gunia, safari hii nichanganye vizuri, nipate nafasi ya mbele. Nitasimama, nikohoe, nitatazama ile veranda, nami nitaanza hivi: Luciana, maoni yangu ni haya.