Wakunga Mia Mbili na Sitini

Jumatatu, tarehe 3

Barua imefika. Chama cha wakunga cha ng'ambo kimekubali udugu na chama chetu! Watatuletea mifuko sitini ya kuwapumulia watoto wanaozaliwa bila kulia, na wakunga wetu wawili wataenda kwao miezi mitatu. Mimi ndiye katibu. Barua zote nimeandika mimi. Nafasi moja ni yangu, hilo halina mjadala.

Ya pili ataitaka Mama Mizani, mkufunzi wetu. Huyu ndiye aliyewahi kunirudisha wodini kwa kuwa nilimpima mtoto akiwa na soksi. Soksi!

Kuna tatizo dogo. Mwenyekiti wao anakuja mwenyewe Ijumaa, anataka kuwasalimu wanachama wetu wote mia mbili na sitini. Tuko ishirini na sita. Kwenye fomu niliongeza sifuri moja tu. Na sifuri, kila mtu anajua, si kitu.

Jumanne, tarehe 4

Mume wangu kanishauri niseme ukweli. Ndiyo maana hajapandishwa cheo mwaka wa tisa huu.

Nimekwenda kwa wifi yangu. Anaongoza kwaya ya watu themanini, kila mmoja na joho jeupe. Pamoja nasi tutapita mia; waliobaki nitamwambia mgeni wako likizo. Nimemwambia ni hafla fupi: wakae, watabasamu, wapige makofi. Akauliza mbona nisiwaalike wakunga. Nikasema wakunga wako zamu. Akanitazama vile mawifi wanavyotazama. Kisha akakubali, kwa sharti waimbe nyimbo mbili. Nikasema mmoja. Tukaafikiana tatu.

Jumatano, tarehe 5

Mama Mizani kaniuliza viti mia vya nini. Nikasema wageni wanapenda nafasi. Akasema ng'ombe hanenepi siku ya mnada, akaenda zake.

Nimefanya mazoezi ya kukokota sanduku la safari kwenye korido ya ofisi. Gurudumu moja linalia. Nitalitia mafuta.

Ijumaa, tarehe 7

Asubuhi ukumbi ulijaa majoho meupe. Mgeni, mama mrefu mwenye mikono ya kazi, alishika kifua kwa furaha. Mkalimani nilikuwa mimi, kwa hiyo nilijua tuko salama.

Akaomba wakunga wasimame kwa wodi zao. Nikatafsiri "simameni" tu. Wifi akainua mkono, wakasimama kwa sauti zao za kwaya: soprano mbele, besi nyuma. Mgeni akataka kujua mzee mmoja wa nyuma yuko idara gani. Nikamuuliza tu yuko upande gani.

"Besi," akajibu mzee, dirisha likatikisika.

Nikatafsiri kwamba anahudumia ghorofa ya chini.

Ndipo mgeni akafungua masanduku. Wanasesere arobaini, pamoja na ile mifuko! Kila watu wawili wachukue mwanasesere mmoja, wamwokoe mtoto asiyepumua.

Sipendi kukumbuka. Soprano mmoja alimning'iniza wake kwa mguu. Mwingine alimpepea kwa daftari la nyimbo. Yule mzee wa besi alimlaza wake begani akambembeleza, na kwa haki ya Mungu yeye ndiye aliyekuwa na nafuu. Wakunga wa kweli walikuwa wameegemea ukuta, wamefumba macho. Nikamweleza mgeni kwamba hizi ni mbinu mpya, bado ziko kwenye utafiti.

Mama Mizani akapita mbele. Kumbe lugha ya mgeni anaijua kuliko mimi.

"Hawa si wakunga, ni kwaya," alimwambia. "Katibu wetu amekudanganya. Sisi tuko ishirini na sita. Lakini mikono wanayo, na watoto huzaliwa popote. Nipe saa moja."

Nilitafuta mlango. Ulikuwa nyuma ya besi.

Akawafundisha: mkaushe, mfunike, mnyooshe kichwa, bana mfuko taratibu, pumzi arobaini kwa dakika. Mgeni akasema hapo kwenye kuhesabu ndipo hata wakunga wake hukosea, wakiogopa, wanaharakisha. Wifi akaanza kugonga meza kwa kidole. Wanasesere arobaini wakapumua pamoja, hata mmoja hakupitwa. Vifua vinapanda, vinashuka. Mgeni akafuta macho. Hata mimi nilisahau kidogo kwamba nimeumbuka.

Jumamosi, tarehe 8

Mkataba umetiwa saini. Mifuko imebaki kwetu. Wanaosafiri ni Mama Mizani na wifi yangu, atakayewafundisha wakunga wa huko kuhesabu pumzi kwa wimbo. Wifi! Hajawahi kushika hata pamba ya hospitali.

Nilimwambia Mama Mizani kwamba bila udanganyifu wangu haya yote yasingetokea, kwa hiyo haki itendeke. Akanipa sabuni na ndoo, nioshe wanasesere. Wote arobaini.

Jumatatu, tarehe 10

Nimetulia, nimetafakari. Kosa langu liko wazi: nilitumia watu. Watu huulizwa maswali, nao hujibu.

Leo chama kingine cha wakunga, cha nchi nyingine kabisa, kimeandika kikitaka urafiki nasi. Wanauliza tu kama tuna jengo letu wenyewe. Jengo halina mdomo. Nimewajibu hapo hapo kwamba tunalo, la ghorofa tatu, lina bustani na vyumba vya wageni.

Alasiri nitatoka kulitafuta.