Uso Uliokaimishwa

"Kurugenzi ya Ufadhili wa Masomo ya Uzamili ina heshima kubwa, furaha isiyo kifani na dhamira isiyoyumba kuutangazia umma kwamba mwaka huu itampeleka China mwanafunzi wa uzamili, akasome tasnia ya teknolojia na biashara ya nchi hiyo, kuanzia kiwandani hadi dukani, kwa gharama za taasisi rafiki ya huko huko."

Tangazo hilo lilipigwa chapa na katibu muhtasi wa Mkurugenzi, ambaye jengo zima lilimwita Mama Utaratibu. Alilibandika mwenyewe kwenye mlango wa kioo, kwa upande wa ndani, maandishi yakitazama ndani, kwa kuwa gundi ya upande wa nje ilikuwa bado haijaidhinishwa. Mwananchi aliyetaka kulisoma alipaswa kuingia ndani, na wa kuingia ndani alikuwa mtumishi tu. Kwa njia hiyo msongamano wa waombaji ulidhibitiwa mapema.

Nafasi ilikuwa moja. Mwanzoni taasisi ya China ilitoa nafasi nyingi, lakini huwezi kumpeleka mtoto wa watu mahali usipopajua. Kwa hiyo Naibu Mkurugenzi alikwenda kupajua, wajumbe wa kamati wakaenda kuhakiki kama Naibu amepajua sawasawa, na mkaguzi akaenda kukagua uhakiki. Wote walirudi salama, wakikokota mabegi mapya ya magurudumu. Nafasi iliyobaki ilikuwa imefanyiwa maandalizi ya kutosha.

Wa kwanza kufika dirishani alikuwa binti wa fundi simu wa mtaa wa nyuma, mwanafunzi wa uzamili. Dirisha lilikuwa tundu dogo katika ukuta wa mapokezi, pembeni mwa mlango wa kioo, nalo lilitobolewa chini kidogo ili anayeomba jambo ainame.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Shida?"

"Nimekuja kuulizia ule ufadhili wa China."

"Mkurugenzi yuko kikaoni. Njoo kesho."

Mama Utaratibu hakusema uongo, na wala hakuwahi kusema uongo tangu aajiriwe. Mkurugenzi alikuwa kikaoni. Kikao gani, na kinakaa wapi, hayo hayakuwa mambo ya dirishani.

Binti akaja kesho yake, na kesho ya kesho, mpaka mlinzi wa mlangoni akampa jina: Kesho. "Kesho amefika," alikuwa akitangaza, huku akimsogezea stuli ya plastiki kwenye kivuli cha ukuta. Siku moja mvua ilipomlowesha, Mama Utaratibu alivunja mazoea na kumuuliza swali lisilo la kiofisi.

"Hivi wewe, mwanangu, China unakwenda kutafuta nini hasa?"

Kesho akatoa mkobani simu ya vibonyezo, ya bei rahisi, akaiwasha tochi yake na kuimulika ndani ya tundu la dirisha.

"Umeiona hii, mama? Baba anazitengeneza simu hizi tangu sijazaliwa. Kuna mtu huko China, kakaa kwenye meza yake, huku kwetu hajawahi kukanyaga, akawaza kwamba kuna mama atakatikiwa na umeme chungu kiko jikoni. Akaweka tochi. Akawaza tena, mama huyu ana laini mbili. Akaweka nafasi mbili. Mimi nataka nikamwone mtu huyo nimuulize alijuaje. Ndiyo tasnifu yangu yenyewe."

"Na ukikosa?"

"Chuo kitanivumilia mpaka mwisho wa mwaka huu tu. Nikikosa, nakaa na baba kibandani, nauza makava ya simu." Alisema akicheka, lakini machozi yalikuwa yanamlengalenga.

Moyo ulimuuma Mama Utaratibu. Akapekua nyaraka kuona utaratibu wa moyo kuuma unasemaje, asione kitu. "Njoo kesho, mwanangu," alisema, kwa sauti ya chini kuliko siku zote.

Sasa, mlango ule wa kioo haukuwa mlango wa kusukuma tu. Ulikuwa na mashine ya mahudhurio, nayo ilitoka China. Ukisimama mbele yake inakutazama usoni, na ikikutambua inafungua huku ikisema kwa sauti ya upole, "Karibu. Umewahi." Ilisema umewahi hata kwa aliyefika saa tano, na watumishi wakaipenda kwa hilo.

Siku ya kusajili nyuso, Mkurugenzi alibanwa na majukumu. Akapiga simu.

"Mama Utaratibu, nikaimishie uso."

Mtu asiyejua kazi angeshangaa. Mama Utaratibu alifungua Waraka wa Ukaimishaji, unaosema wazi kwamba kiongozi anaweza kukaimisha jukumu lolote isipokuwa posho. Uso haukutajwa popote. Akamwita dereva wa Mkurugenzi, mtu mzima mpole mwenye kipara, akampa kitambaa afute jasho, akamsimamisha mbele ya mashine, akaandika: Mkurugenzi. Wakubwa wengine walipopata habari, nao wakatafuta nani wa kuwashikia nyuso zao.

Tangu hapo kila asubuhi dereva alifika, mashine ikasema, "Karibu, Mkurugenzi. Umewahi," na siku ikawa imehudhuriwa. Mkurugenzi mwenyewe naye alikuja mara mojamoja, watu wasimsingizie. Alipokuja, dereva alitangulia, mlango ukafunguka, naye akapita mgongoni kwake. Mwisho wa mwaka uliopita Mkurugenzi alitunukiwa tuzo ya mtumishi mwenye mahudhurio bora. Dereva ndiye aliyekwenda kuipokea.

Kamati ya usaili ilikaa. Mama Utaratibu aliandika mihtasari.

"Binti," alianza Mkurugenzi, "umewahi kufika China?"

"Bado, mheshimiwa."

"Sasa utaisomaje nchi hujawahi kufika?"

"Ndiyo maana naomba kwenda."

"Andika hapo, mama. Mwombaji amekiri hana uzoefu."

"Lakini Kichina nakijua," alisema Kesho. "Nimejifunza."

Naibu akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Ukishajua, unakwenda kujifunza nini tena? Tutakuwa tunapoteza nafasi ya asiyejua."

Kesho alipotoka, Mkurugenzi aliomba radhi, akakikaimisha kiti chake kwa Naibu, akaizunguka meza na kuketi upande wa waombaji. Ilibainika kuwa wiki iliyotangulia alikuwa amejiandikisha uzamili, chuo cha jioni, na kwamba alikuwa tayari kuwabebea vijana mzigo wa baridi ya ugenini.

"Mheshimiwa mwanafunzi," aliuliza Naibu, "kiti kiko sawa?"

"Kiko sawa."

"Kamati imeridhika."

Ili mtu asije akasema kuna upendeleo, Mkurugenzi alirudi kwenye kiti chake na kumsomea Mama Utaratibu sharti jipya, aliandike neno kwa neno. Mnufaika wa ufadhili atathibitishwa na mashine ya mahudhurio, hadharani, mbele ya mgeni kutoka China. Asiyetambuliwa na mashine, nafasi hana.

"Mashine haina shemeji," alisema, akitia saini. "Na hao wanafunzi wamo humo? Hawamo. Asiyekuwepo na lake halipo."

Kama alikumbuka uso wake uko wapi? Hapana. Jambo likishakaimishwa, aliyekaimisha halikumbuki. Ndiyo faida yake. Mama Utaratibu alikumbuka. Kalamu yake ilisimama kidogo juu ya karatasi. Lakini katibu muhtasi huandika anachosomewa, na hakuna aliyemuuliza. Sharti likapelekwa China, na majibu yakaja haraka kwamba wamefurahi mno, kwani mashine ni ya kwao.

Kesho naye hakuachwa mikono mitupu. Alipewa Ufadhili wa Ndani.

"China ni mbali," Naibu alimweleza dirishani. "Lakini teknolojia yake iko hapa mlangoni. Kaa hapo uisome. Viwanda utavisoma baadaye."

"Msajilini aingie," Mkurugenzi aliongeza kwa simu. "Nimechoka kusikia yuko dirishani."

Hiyo ilikuwa amri, na amri hutekelezwa. Mama Utaratibu alimsimamisha Kesho mbele ya mashine, akamtengeneza ukosi wa blauzi kwa vidole vyake mwenyewe, akaandika: Mwanafunzi wa Ufadhili.

Mwingine angesusa. Kesho aliingiza stuli yake ndani, akaisoma mashine kama ambavyo angeisoma China yote: inavyomsubiri mtu mfupi, inavyomvumilia mwenye miwani. Aliona pia nani anaitwa nani.

"Mama," alinong'ona asubuhi moja, dereva alipopita. "Kumbe yule mzee ndiye Mkurugenzi?"

"Kwa mujibu wa mlango, ndiyo," alisema Mama Utaratibu, akaendelea kupiga chapa.

Siku ya kukabidhi ufadhili, kamati yote ilijipanga nje, na wapiga picha mbele yao. Mgeni kutoka taasisi ya China alikuwa profesa, mwanamke mfupi mwenye mfuko wa turubai begani, aliyezungumza Kiswahili safi cha darasani. Mkurugenzi alivaa koti zito la baridi, jipya, na jua lilikuwa la utosini. Alikuwa amekwisha kuaga ukoo mzima, hata wakwe. Akasogea mbele ya mashine, akatabasamu.

"Hujasajiliwa," ilisema mashine kwa upole ule ule. "Tafadhali fuatilia ofisini kwa Mkurugenzi."

Akavua miwani. "Hujasajiliwa." Akavua koti, maana labda lilimkuza. "Hujasajiliwa. Tafadhali fuatilia ofisini kwa Mkurugenzi."

"Dereva!" alifoka.

Dereva, aliyezoea kutangulia, akatangulia.

"Karibu, Mkurugenzi. Umewahi."

Mlango ukafunguka. Profesa akamshika dereva mikono yote miwili. "Nimefurahi sana kukutana nawe, mheshimiwa. Habari za mahudhurio yako zimetufikia hata sisi."

"Huyo ni dereva wangu!" alisema Mkurugenzi.

"Samahani," alisema Profesa. "Kama huyu ni dereva, anayekuja kazini kila siku ni nani? Na wewe huwa uko wapi?"

Mkurugenzi alipima majibu. Akisema uso ni wa dereva, basi yeye hajafika kazini tangu mashine iwekwe. Akisema uso ni wake, basi ameshaingia ndani, na huyu aliyebaki nje na koti mkononi ni mtu mwingine. Aliwageukia wajumbe wa kamati wamsaidie. Wajumbe walikuwa wanatazama viatu vyao, kila mmoja akijiuliza uso wake anao nani leo, na kama amekuja.

"Sharti lenu ni zuri, na limeandikwa vizuri," Profesa alisema. "Tulifuate tu. Yuko mwanafunzi anayetambuliwa na mashine?"

Kesho aliinuka kwenye stuli. Akatoka nje, akageuka, akasimama mbele ya mashine.

"Karibu, Mwanafunzi wa Ufadhili. Umewahi."

Mama Utaratibu, ndani ya mapokezi, aligundua kwamba alikuwa amejishika kifua. Profesa na Kesho wakaingia ndani wakizungumza Kichina, haraka haraka, kama ndugu waliopoteana. Kesho alitoa ile simu, akawasha tochi. Profesa akacheka, kisha akasema jambo refu, kisha binti akaanza kulia waziwazi, bila kujificha.

"Kasemaje?" aliuliza Mama Utaratibu, naye macho yamemjaa.

"Anamjua, mama. Aliyeiweka tochi alikuwa mwanafunzi wake. Anasema hakuwa anatuwaza sisi. Alikuwa na mama yake kijijini, na huko umeme ulikuwa unakatika."

Ilibaki saini ya Mkurugenzi. Mama Utaratibu aliiweka hati mezani, mbele ya aliyekuwepo.

"Mama, nisaini mimi?" dereva aliuliza kwa hofu.

"Ulikaimishwa uso," alisema Mama Utaratibu. "Mkono unafuata uso. Waraka hauutaji popote."

Dereva akasaini polepole, kwa mwandiko mzuri, kisha akamkaribisha mgeni chai katika ukumbi wa vikao, akiwa amekaa pale alipoelekezwa, kwenye kiti cha kichwani.

Huko nje Mkurugenzi alikuwa amechelewa akiwagombeza wapiga picha wafute picha, na mlango ukajifunga. Aligonga kioo. Alisukuma. Alikwenda kwenye gari akakuta limefungwa, na funguo anazo dereva. Kabla hajarudi, mlinzi aliingia akaichukua stuli ya plastiki, akamsogezea kivulini.

"Kaa, mzee wangu. Asiyekuwepo na lake halipo, si tumesikia ulisema mwenyewe kikaoni?"

Mkurugenzi hakukaa. Alikwenda kwenye tundu la dirisha, na kwa mara ya kwanza akagundua kwamba limetobolewa chini.

"Mama Utaratibu! Nifungulie!"

Mama Utaratibu alikuwa anapanga karatasi. Tangu aajiriwe hakuwahi kumhudumia mtu asiyemsalimu.

Jua lilikuwa kali. Mkurugenzi akatazama kulia, akatazama kushoto, akainama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Shida?"

Alifikiri aseme nini. Hakuona jingine zaidi ya lile ambalo mashine ilikuwa imemwelekeza.

"Naomba kumwona Mkurugenzi."

Mama Utaratibu aligeuka, akatazama kupitia mlango wa ukumbi, akahakikisha, maana hakuwahi kusema uongo.

"Yuko kikaoni," alisema. "Njoo kesho."