Ukuta wa Valeriani Utapasuka

Jumatatu, 6 Septemba 1976
Leo nimetabiri! Kigango chetu, kanisa letu dogo la hapa Karatu, kitajengwa upya, fremu za mbao na udongo katikati, na anatakiwa fundi mmoja tu. Tuko wawili: mimi na Valeriani. Kila mmoja amesimamisha kipande cha ukuta uani. Jumapili baada ya misa Katekista Raphaeli atatazama upi umepasuka. Nikagonga wa Valeriani, nikatega sikio, nikatangaza mbele ya watu kwamba huu utapasuka. Wangu? Hata ufa wa unywele hautapata. Watu wakaguna kwa heshima. Raha iliyoje!

Jumanne, 7 Septemba
Valeriani ameniuliza mbao zangu nilizikausha wapi. Eti zake zilikaa darini juu ya moshi wa jiko tangu masika. Mwoga! Zangu nilizichukua kwa wapasua mbao Ijumaa, zikiwa zinachuruzika maji. Misumari iliingia kama kwenye ndizi mbivu.

Alhamisi, 9 Septemba
Jua kali, upepo mkali. Ukuta wa Valeriani bado mzima. Nimeusaidia kidogo: nimeondoa majani ya migomba aliyoufunikia. Wangu naumwagia ndoo mbili za maji kila siku usikauke. Marsela, mke wangu, akauliza maji yake yanakwenda wapi. Nikasema ni kazi ya Mungu. Akasema basi Mungu ndiye atakayenipikia makande. Nimelala njaa, lakini moyo mweupe.

Jumamosi, 11 Septemba
Marsela kaenda kwa dada yake, na ndoo zote kaondoka nazo. Jua limepiga ukuta wangu kutwa nzima. Si kitu. Fundi ni fundi.

Jumapili, 12 Septemba
Wa Valeriani: mzima. Wangu: mbao zimejikunja, zimeachia udongo, ufa toka juu hadi chini. Mama Evarista wa kwaya akapitisha mkono na kunipa amani ya Kristo kutoka upande wa pili. Katekista alicheka mpaka akakaa chini. Kazi kapewa Valeriani. Nimeumia, nasema kweli. Nilishajiona juu ya paa lile, kijiji kizima kikinitazama.

Jumatatu, 13 Septemba
Valeriani ana roho nzuri, kaniita nimshikie ngazi. Marsela karudi, kapika. Ananiambia kijijini wamekubaliana kwamba ukuta nitakaousifu, watu wakae mbali nao. Maneno ya watu tu!

Jumanne, 14 Septemba
Siku njema. Nguzo za kwanza za kigango zimesimama. Nikasema nimlipe Valeriani wema wake. Nikagonga nguzo, nikatega sikio, nikatangaza kwa sauti mbele ya kamati nzima kwamba kigango hiki hakitapasuka kamwe. Valeriani akashuka ngazi, akanifukuza kazi. Katekista akapiga ishara ya msalaba. Wivu mtupu! Alhamisi napanda basi la Wasso. Nasikia kule wanajenga nyumba nyingi, na hawana mtu wa kuwatabiria.