Pampu ya Homa Bay na Mahindi ya Caleb

Jumatatu, 4 Machi 1996

Mvua i karibu na niko tayari. Karibu tayari. Trekta niliyoinunua kama chuma chakavu imekaa uani, rangi mpya, tairi zimejaa upepo. Inakosa pampu ya dizeli tu, iliyopo imekufa! Nilimweleza mke wangu Dorine kwamba siku zijazo ni za trekta kuukuu. Hizi mpya zitakufa zote, na Migori nzima itanijia kutafuta spea. Aliniuliza kama siku zijazo zitafika kabla ya kupanda. Wivu.

Jumanne, 5 Machi

Nimeuza maksai ili nipate pampu. Walikuwa wangu na mdogo wangu Caleb, lakini mkubwa ni mimi. Caleb alisema ningemuuliza kwanza. Nikamwahidi kumlimia shamba lake lote kabla chai yake haijapoa. Akachukua jembe lake, akaenda shambani. Kwenda kwake bila kushukuru kumeniudhi siku nzima.

Jumatano, 6 Machi

Homa Bay, duka la spea la Abdi. Aliuliza pampu ya zamani iko wapi, alinganishe. Ati kila mteja huja nayo mkononi. Nilimwambia vipimo viko kichwani. Akanisihi nirudi nayo kesho. Kesho! Nilinunua, nikala samaki mzima, nikarudi nyumbani kifua mbele.

Alhamisi, 7 Machi

Pampu ina matundu matatu ya bolti. Injini ina manne. Nilijaribu kuishawishi kwa nyundo. Sasa imepinda, na Abdi hataipokea tena.

Jumamosi, 9 Machi

Mvua! Lakini kwetu hatupandi ovyo. Mama, mke mkubwa wa boma, hutangulia kutia mbegu. Kisha mimi, kifungua mimba wake. Kisha Caleb. Mama aliinuka asubuhi na jembe lake, akapanda. Dorine akaniletea jembe langu. Nikalirudisha. Nilikuwa nimetangaza kanisani kwamba shamba langu halitaguswa tena na jembe la mkono! Caleb alisimama mpakani na debe la mbegu, akinisubiri. Kunipita ni mwiko.

Alhamisi, 14 Machi

Mahindi ya majirani yameota. Ya Caleb yangali kwenye debe. Hajalalamika hata mara moja. Angelalamika, ningejua la kumjibu. Jioni Mama alikuja hadi kwenye trekta, akaniangalia nikipangusa taa zake.

“Wuoda, mwanangu,” aliniambia, “trekta haina tumbo. Watoto wa Caleb wanalo.”

Nilichukua jembe, nikapanda mstari mmoja bila kuinua macho. Kabla sijanyoosha mgongo, Caleb na mkewe walikuwa wameshaanza shamba lao. Kwa mikono, kwa kuwa maksai niliwauza. Wamechelewa kwa sababu yangu na watavuna kidogo. Nimejuta. Nimejuta kweli.

Jumapili, 17 Machi

Baada ya ibada nilimwomba Caleb msamaha. Akanipa mkono, muungwana huyo. Niliapa mbele ya Mama kwamba sitauza tena mali yetu ya pamoja. Mama alilia kidogo.

Njiani nikasikia kuna mtu huko Rongo mwenye trekta ya aina yangu hasa. Nayo haiwaki. Lakini mbovu mbili huzaa nzima moja, hilo liko wazi! Hataki pesa, anataka plau. Caleb anayo. Si ya pamoja, ni yake peke yake, kwa hiyo kiapo changu hakiguswi. Na siku hizi hana maksai wa kuivuta. Nitaipitia kesho akiwa shambani.