Kilima Kilichoondolewa Kwenye Kompyuta Tu

Kamembe, Rusizi
8 Julai 2025

Kwako Mheshimiwa Mkuu wa Mradi wa Kisima,

YAH: WAVU WA HESABU ULIOTUNYIMA MAJI

Mimi ni Mudathiru, fundi cherehani, mkazi wa kijiji cha chini, yaani mudugudu wa chini, upande wa ziwa. Nakuandikia kwa adabu ingawa nimekasirika. Mwezi uliopita injeniya wenu, Bi Aurore, alipigilia vyuma ishirini na vinne mteremkoni kwetu, akapitisha umeme ardhini ili ajue maji yako wapi. Sasa ramani imetoka. Kwa jirani yangu Damascène, mwenye bomba tayari, imepakwa buluu ya maji. Kwangu ni nyeupe, kama vile hatukuzaliwa. Kisima kinakwenda kwa Damascène, na mke wangu Shadia ataendelea kupanda kutoka ziwani na bidoni la maji kichwani mara tatu kwa siku. Mgongo umeanza kumuuma, na mimi naona uchungu. Kwa hiyo nalalamika kama ifuatavyo:

1. Bi Aurore alinieleza kwa upole kwamba kompyuta huikata ardhi yote vipande vidogo vya kona nne, vikashikana kama wavu, halafu hukisia kila kipande kinauzuia umeme kiasi gani. Karibu na chuma namba 17 na 18 vipande vimebanana vikawa vyembamba kuliko wembe, na hesabu ikagoma. "Papa Mudathiru," alisema, "kwenu kompyuta inakatala, niliisha jaribu mara sita." Mheshimiwa, nakata vitambaa mwaka wa ishirini na sita huu. Kitambaa kikijikunja, sikati bega la mteja. Nakinyoosha.

2. Wakati sisi tunabanwa, niliona kwa macho yangu kwamba wavu huo huo unavuka mto wa mpakani na kuingia Bukavu, nchini Kongo, na huko kipande kimoja ni kikubwa kuliko soko letu. Bi Aurore alisema ukingo wa wavu lazima uwe mbali, la sivyo hesabu inapotoka. Sikatai. Ila Shadia akienda Bukavu kuuza magauni hupanga foleni mpakani, Rusizi ya Pili, kitambulisho mkononi. Vipande hivyo vimevuka kwa karatasi gani? Naomba vichache virudishwe, vipanue uwanja wangu.

3. Ili kuubembeleza wavu, Bi Aurore aliulainisha mteremko. Jumanne asubuhi, kwenye kompyuta, kilima chetu kilikuwa tambarare. Jumanne hiyo hiyo saa sita mchana Shadia alikipanda kikiwa kizima. Kilima kikiondolewa, mke wangu hastahili kuambiwa?

4. Kwa kuwa mradi umethibitisha kwamba kilima huondoka kwa kubonyeza kitufe, naomba kiondolewe kweli kabla ya mvua za Septemba. Ikishindikana, ziwa lipandishwe hadi mlangoni kwangu. Hilo nalo likishindikana, Damascène ahamie kwangu, nami nihamie kwake, na ramani isiguswe.

Natumaini utayapokea haya kwa moyo mweupe. Nisalimie Bi Aurore, madereva wote, na yule mlinzi aliyeninyima kiti ofisini kwako.

Wako, mwenye subira inayopungua,
Mudathiru

Nyongeza: Shadia ameisoma barua kabla sijaifunga, akasema: "Andika na ya ile mbuzi, ao nitaandika miye mwenyewe." Basi naandika. Vyuma vilipigiliwa Alhamisi, na Bi Aurore alirudi Jumatatu kupima kila kimoja kiko wapi. Katikati ilikuwa Idi. Namba 17 kilionekana imara, nikamfungia mbuzi wa kuchinja. Akaking'oa. Sikutaka kuusumbua mradi siku ya sikukuu, nikakipigilia tena mwenyewe penye udongo laini, shubiri moja kutoka namba 18, nikidhani viwili vikikaa pamoja vitasaidiana. Nyama ya mbuzi huyo Bi Aurore alikula sahani mbili, Jumatatu hiyo hiyo, akipima. Tafadhali aje na nyundo, kilima akiache. Tundu la zamani Shadia ameliwekea jiwe, atamwonyesha. Ila awahi asubuhi, kabla Shadia hajashuka ziwani.