Gurudumu la Pampu na Hesabu za Abti Olow

Jumatatu, 3 Oktoba 1966
Nimechoka, na wiki ndiyo kwanza inaanza. Mwalimu wetu wa fizikia ametangaza nafasi ya kusomea ufundi Nairobi. Moja tu! Ataipata atakayeleta kasi sahihi ya ukingo wa gurudumu la pampu ya maji, kule mtoni Tana. Nusukipenyo katupa: inchi ishirini na moja. Zidisheni mzingo kwa mizunguko, mgawe kwa muda, akasema, kana kwamba anatuagiza tunywe chai. Nisipoondoka Garissa na msafara wa malori Jumatatu ijayo, baba atanipeleka Masalani nikachunge ng'ombe wa shangazi. Ng'ombe wale hawanipendi.

Jumanne, 4 Oktoba
Kwenda mtoni ni adhabu. Kizuizi cha askari, kipande cha utambulisho kikaguliwe, mifuko ipinduliwe, uulizwe kama wewe ni shifta, mwasi wa porini. Saa mbili juani! Billow, mjuaji wa darasa, amekwenda mwenyewe. Mjinga. Mimi ninaye Abti Olow, kaka wa mama, mlinzi wa pampu hiyohiyo. Nimempa saa yangu ya mkono, nikamwomba ahesabu gurudumu linazunguka mara ngapi kwa dakika. Kisha nikalala. Akili ni mali.

Jumatano, 5 Oktoba
Abti amekuja baada ya zamu. Nimemmiminia chai, nikafungua daftari, nikashika kalamu. Akaitazama ile kalamu. Akakohoa. Thelathini, akasema. Mzingo ni futi kumi na moja, kwa hiyo kasi ni futi tano na nusu kwa sekunde. Nimeandika kwa wino mwekundu. Billow amerudi pua imebabuka kwa jua. Nimemcheka mpaka nikachoka zaidi.

Ijumaa, 7 Oktoba
Billow: futi kumi na moja kwa sekunde. Sahihi. Yangu nusu yake kamili! Mwalimu akaniuliza kama nilipima pampu au mkokoteni wa punda. Nimemwendea Abti nikiwaka. Hakuona haya hata kidogo. Gurudumu lilizunguka mara sitini, akasema, lakini mwenye kalamu na daftari haambiwi idadi kamili. Mwaka jana kule Griftu alimjia mtu wa namna hiyo, akamwuliza ana ngamia wangapi. Abti akawataja wote. Kesho yake wakachukuliwa wote. Tangu hapo husema nusu, kwa mtu yeyote. Nimelia, sijui nililia Nairobi au wale ngamia.

Jumatatu, 10 Oktoba
Msafara umeahirishwa hadi Alhamisi. Bomu limekutwa limefukiwa barabarani, halikumdhuru mtu. Alhamdulillahi! Na mwalimu amepata nafasi ya pili. Safari hii ni gurudumu la mashine ya kusaga mahindi ya Guleid, hatua ishirini tu kutoka mlangoni kwetu, na nusukipenyo katupa tena. Lakini hatua ishirini za jua la Garissa! Nimemtuma Abti.

Jumanne, 11 Oktoba
Abti amerudi. Ameapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba, kwa kuwa alinitoa machozi, leo ananiambia kweli tupu, kalamu au hakuna kalamu. Mara mia moja na ishirini kwa dakika. Amenishika mkono, machozi yakimlengalenga. Maskini mzee wangu! Lakini mimi si mtoto, nimeshamjua. Nimezidisha kwa mbili, nikapeleka jibu kwa mwalimu, na sanduku la safari nimeshalifunga.